Maua Hufuata Mvua

Watunza bustani wa Kwale, Diani na Msambweni wapangapo mafundisho na maonyesho ya maua ya mwaka mzima, yafaa watazame mvua kwanza, ndipo watazame kalenda.

Januari na Februari, jua likiwa kali, wafundishane habari za udongo. Ardhi ya Diani ina chokaa nyingi ya matumbawe. Kwa hiyo mimea mingine hugeuka manjano hata ikinyweshwa maji kila siku. Samadi na majani yaliyooza huisaidia. Mashimo yachimbwe Machi, ili mvua za masika zikianza, miche ya asumini na mikilua itiwe ardhini mara moja. Upepo wa kusi huja na chumvi ya bahari. Basi wafundishwe kupanda ua wa kuukinga. Aliyekosa masika hupata nafasi ya pili wakati wa vuli, Oktoba hata Desemba.

Katika maonyesho, kila mtu alete alichokiotesha mwenyewe. Kaya Kinondo, iliyo kati ya misitu ya Wamijikenda iliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2008, haitolewi hata jani. Ua lililoibwa kayani halistahili tuzo.