Wanawake Waliokataa Pasi

Wasomaji wetu, mwezi huu twataka kujifunza habari za wanawake wa Afrika ya Kusini walioshindana na sheria za ubaguzi, na hasa Lilian Ngoyi, fundi wa kushona.

Kwanza tujue pasi ilikuwa nini. Ilikuwa kitabu chenye jina la mtu, kazi yake, bwana wake, na ruhusa ya mahali pa kukaa. Wazee wa Kenya waliovaa kipande zamani wangalifahamu upesi. Mwafrika akikutwa njiani bila pasi, alikamatwa. Mwaka 1952 ilitungwa sheria iliyojiita ya kuondoa pasi, kumbe ilileta kitabu kingine badala yake, na wanawake nao wakatiwa chini ya amri hiyo. Mama akifungwa kwa ajili ya karatasi, nani atamnyonyesha mtoto? Neno hili ndilo lililowauma.

Mama zao walikwisha kukataa zamani. Mwaka 1913 wanawake wa Bloemfontein walikubali kufungwa kuliko kuchukua vyeti. Charlotte Maxeke, aliyesoma Wilberforce huko Marekani, alisimama pamoja nao, na mwaka 1918 akaanzisha chama cha wanawake.

Basi tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapata 20,000 walifika Pretoria, wengi wenye watoto mgongoni. Maandamano yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo walikwenda wawili wawili, watatu watatu, hata wakajaa mbele ya nyumba ya serikali. Lilian Ngoyi, Helen Joseph aliyezaliwa Uingereza, Rahima Moosa wa jamaa ya Wahindi, na Sophia Williams, msichana wa miaka 18, wakayapeleka makaratasi yenye sahihi. Waziri Mkuu Strijdom hakuonekana. Wakayaacha ofisini mwake, kisha umati wote ukasimama kimya nusu saa. Maelfu ya watu, na watoto kati yao, wakanyamaza! Twaona kimya kile kilisema kuliko hotuba.

Je, walipewa waliyoyaomba? La. Mwaka 1963 pasi ikawalazimu wanawake wote Waafrika. Waalimu wasiipite habari hii upesi, maana wanafunzi hupenda hadithi ya siku ile moja, na kusahau miaka iliyofuata.

Desemba 1956 Lilian na Helen walikamatwa pamoja na wengine, jumla watu 156, wakishtakiwa uhaini. Kesi ikaendelea hata 1961, ndipo wakaachiliwa. Mwaka 1962 Helen akawa mtu wa kwanza kufungiwa nyumbani mwake. Lilian naye akapigwa marufuku: asitoke mtaa wake wa Orlando, asihudhurie mikutano, wala maneno yake yasichapwe. Tena aliwekwa gerezani, siku 71 peke yake. Kisha yeye aliyewahutubia maelfu akakaa na cherehani yake katika nyumba ndogo, akishona apate chakula. Marufuku ilimrudia mara kwa mara, naye akafa chini yake mwezi wa Machi 1980. Sheria za pasi zilifutwa 1986, miaka sita baadaye.

Uwanja wa Pretoria uliokuwa na jina la Strijdom umepewa jina la Lilian Ngoyi. Na Helen Joseph alipofariki, siku ya Krismasi 1992, alizikwa Avalon, Soweto, katika kaburi lile lile la Lilian.