Mbuzi na Kobe wa Kisiwa cha Española

Katika bahari ya Pasifiki, yapata kilomita 1,000 kutoka pwani ya nchi ya Ecuador, viko visiwa vya Galápagos. Visiwa hivyo vilitokana na moto wa volkano, wala havikupata kuungana na bara. Kwa hiyo wanyama wa asili wa huko ni uzao wa wale walioruka, walioogelea, au waliochukuliwa na maji.

Maarufu miongoni mwao ni kobe wakubwa. Dume aliyekomaa aweza kupita uzito wa kilo 200, na kuishi zaidi ya miaka 100. Aweza pia kukaa miezi mingi bila chakula wala maji, na uvumilivu huo ndio uliomponza. Mabaharia wa zamani waliwapakia kobe merikebuni wangali hai, wapate nyama mbichi safarini.

Kisha wakaja mbuzi, walioachwa na watu. Mbuzi ni mali kwa mwenye kumchunga. Lakini kule hapakuwa na mchungaji, wala chui wa kuwapunguza. Katika kisiwa cha Española walimaliza majani na miche ya mpungate, ambayo ni chakula cha kobe.

Mwaka 1959 Serikali ya Ecuador ilivifanya visiwa hivyo kuwa Hifadhi ya Taifa. Kati ya miaka 1963 na 1974 walionekana Española kobe 14 tu, majike 12 na madume 2, nao walitawanyika mno hata hawakuweza kukutana. Wote walipelekwa kisiwa cha Santa Cruz ili wazaane, na dume wa tatu akaletwa kutoka San Diego, Marekani. Watoto walilelewa kwa uangalifu, kisha wakarudishwa kwao. Mwaka 1978 mbuzi wa mwisho aliondolewa. Mwezi wa Juni 2020, wale wazee 15 nao walirudishwa Española, wakati kisiwa kilipokuwa na kobe wapatao 2,000.

Kisiwa cha Pinta hakikupata bahati hiyo. Kobe wa mwisho wa kabila lake, dume aliyeonekana mwaka 1971, alikufa mwaka 2012 bila kuacha mtoto.

Kumwacha mbuzi ufukoni ni kazi ya saa moja. Kuponya Española kumechukua zaidi ya miaka 50. Wahenga walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kwa Pinta, hata wa kuujenga ukuta huo hakusalia.