Nafuu za Kisheria Mkataba Unapovunjwa: Mfano wa Mashua ya Watamu

Ahadi ni deni, wasema wahenga. Sheria nayo hulikadiria deni hilo. Katika mazungumzo ya kila siku, nafuu ni hali ya mgonjwa anayepata ahueni. Katika Kiswahili cha mahakamani, ni kile anachopewa mtu ambaye haki yake imevunjwa. Maana hizi mbili zinakaribiana. Lengo kuu la sheria ya mikataba si kumwadhibu aliyevunja ahadi, bali kumweka aliyeumia pale ambapo angekuwa iwapo ahadi ingetimizwa.

Mfano wa kubuni utalifafanua jambo hili. Mvuvi wa Watamu anaagana na fundi amuundie mashua kwa shilingi 400,000, ikamilike kabla ya kaskazi ya Desemba. Mbele ya mashahidi wawili, anatoa arubuni ya shilingi 150,000. Hakuna kinachoandikwa. Desemba inapofika, pana mkuku na mataruma matupu.

Je, pana mkataba? Naam. Sheria ya Mikataba ya Kenya (Sura ya 23) hufuata misingi ya sheria ya Uingereza, ambayo hutambua makubaliano ya mdomo. Lau angekuwa ananunua kiwanja, maandishi, sahihi za wahusika na shahidi wa sahihi hizo vingehitajika.

Nafuu ya kwanza ni kujitoa katika mkataba na kudai arubuni, ikiwa wakati ulikuwa kiini cha makubaliano. Ya pili ni fidia. Iwapo fundi mwingine anatoza shilingi 460,000 kwa mashua kama hiyo, mvuvi hudai tofauti ya shilingi 60,000 juu ya arubuni yake. Jumla shilingi 210,000. Ya tatu ni amri ya kutekeleza mkataba wenyewe. Hii hutolewa kwa nadra, hasa pale fedha zisipotosha, kama katika uuzaji wa ardhi; mahakama kwa kawaida haimshurutishi fundi kushika tezo.

Vipi kuhusu mapato ya msimu yaliyopotea? Katika kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854, kinu cha Gloucester kilichelewa kuanza kazi tena kwa sababu mhimili wake ulicheleweshwa na wasafirishaji. Mahakama ilikataa kumfidia mwenye kinu faida iliyopotea, kwani hasara hiyo haikuwa ya kawaida wala haikutazamiwa na pande zote mbili. Hivyo mvuvi sharti athibitishe kuwa fundi alijua mashua ni ya msimu huo. Aidha, hana ruhusa ya kukaa ufuoni akihesabu hasara. Akiweza kukodi chombo kwa bei ya wastani, akikodi, kisha adai gharama hiyo.

Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako mdai anaweza kujieleza mwenyewe kwa Kiswahili. Muda wa kudai ni miaka 6 tangu mkataba uvunjwe. Ukipita, haki yake haisikilizwi tena.

Mashahidi husahau, huhama na hufa. Karatasi moja yenye bei, tarehe na kusudi la mashua ingemwondolea mvuvi nusu ya mzigo wa ushahidi. Mali bila daftari huisha bila habari.