Nguvu ya Mboga na Matunda, na Jinsi Ipoteavyo Jikoni

Mwezi huu twataka kutazama jambo lililo karibu na kila mtu, nalo ni sufuria ya mboga na tunda la uani. Wako watu wengi waonao ya kuwa ugali, wali, ndizi na mihogo ndicho chakula hasa, bali mboga ni kitu cha kushushia tu, na matunda ni ya watoto na ndege. Wako wengine waliokwenda upande wa pili: kila siku husikia kwamba tangawizi, kitunguu saumu na limau huponya magonjwa yote, nao huziacha dawa walizopewa na tabibu. Makundi haya mawili yadhurika, kila moja kwa njia yake. Basi, yafaa tujue mboga na matunda yafanya kazi gani hasa mwilini, na kwa nini kazi hiyo mara nyingi huharibika kabla chakula hakijafika kinywani.

Tuanze na habari ya kale iliyofika mpaka pwani yetu. Mwaka 1497 Mreno Vasco da Gama aliondoka Lisbon na merikebu zake kutafuta njia ya Bara Hindi. Mabaharia wake walikula mikate mikavu na nyama ya chumvi kwa miezi mingi. Walipofika pwani ya Msumbiji, Januari 1498, wengi walikuwa wagonjwa: miguu na mikono imevimba, na ufizi umekua hata kufunika meno, wasiweze kula. Ugonjwa huo ndio kiseyeye. Mwezi wa Aprili walifika Mombasa, na mfalme wa mji akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Lakini waliporudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu, na watu wapatao 30 wakafa kwa ugonjwa ule ule. Walipotia nanga Malindi, Januari 1499, walituma mtu pwani kutafuta machungwa, maana wagonjwa waliyatamani sana. Ila kwa wengine msaada ulikuwa umechelewa. Watu waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote, hata wakaichoma moto moja, iitwayo São Rafael, kusini ya Mombasa. Merikebu ile haikuzamishwa na tufani wala na adui, bali ilikosa watu kwa sababu watu walikosa matunda.

Ilipita muda mrefu kabla wakubwa wa merikebu hawajaamini jambo hilo. Mwaka 1747 tabibu wa Kiskoti, James Lind, aliwatwaa mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, akawapa kila jozi kitu mbali: wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili akawapa machungwa na malimau. Hao wawili walipata nafuu ndani ya siku sita, hata mmoja akarudi kazini. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza halikuanza kuwapa mabaharia wake maji ya malimau mpaka mwaka 1795, yaani karibu miaka 50 baadaye. Na kitu chenyewe kilichowaponya, ambacho leo twakiita vitamini C, kilitambuliwa tu katika miaka ya 1930. Mhungaria Albert Szent-Györgyi alikipata kwa wingi katika pilipili zilizolimwa kwao, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Sasa tutazame uani kwetu. Wengi wakisikia vitamini C hufikiri chungwa peke yake, tena huenda kulinunua kwa bei kubwa, huku mapera yanaoza chini ya mti. Pera lina vitamini hiyo zaidi ya mara tatu ya chungwa, uzito ukiwa sawa. Papai na embe zinayo pia, na ubuyu, ambao watoto huumumunya njiani, unayo kwa wingi. (Ubuyu tusemao hapa ni ule mweupe kama ulivyotoka mtini, si ule uliopikwa kwa sukari na rangi nyekundu.)

Lakini vitamini C ni kitu dhaifu. Huyeyuka katika maji, huharibiwa na moto, na huharibiwa na hewa jani likiisha kukatwa. Tufuate basi mchicha mpaka jikoni. Mpishi aukata vipande vidogo sana, kisha auosha. Maji yamechukua sehemu ya kwanza. Autia katika maji mengi na kuuchemsha nusu saa. Moto umechukua sehemu ya pili. Ayamwaga maji yale ya kijani. Sehemu ya tatu imekwenda bustanini kulisha siafu. Na mahali pengine hutia magadi ili mboga ilainike upesi na kubaki na rangi nzuri. Magadi ni adui mbaya, kwa kuwa huiharibu sana vitamini C na kuharibu nyingine pia. Mboga hiyo hupendeza macho, lakini sehemu kubwa ya nguvu yake imekwisha.

Afadhali kuosha majani yakiwa mazima, kuyakata karibu na wakati wa kupika, kutia maji kidogo, kufunika, na kuepua mara yanapolainika. Maji yakibaki, yafanywe mchuzi.

Kisamvu hakimo katika kanuni hiyo. Majani ya mhogo yana sumu, na mtu akiyapika upesi upesi kama mchicha anajidhuru. Ni lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, sumu itoke pamoja na mvuke. Desturi ya bibi zetu katika jambo hili ni sahihi, wala isibadilishwe na mtu aliyesoma habari ya vitamini nusu nusu. Kweli vitamini C ya kisamvu hupotea karibu yote, lakini vitu vingine vizuri hubaki, navyo ndivyo tutakavyovisema sasa.

Majani yenye rangi ya kijani iliyokolea, kama kisamvu, matembele, mnavu, mgagani, majani ya kunde na ya maboga, yana kitu cha rangi ya manjano kilichofichwa chini ya ule ukijani. Kitu hicho ndicho kilichomo katika papai na embe zilizoiva, katika boga, na katika viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa, kwanza hushindwa kuona jioni: hujikwaa penye giza kidogo, hukaa mahali pamoja wenzake wakicheza, na wakubwa humdhania mvivu au mwoga. Baadaye macho hukauka, na kioo cha jicho chaweza kupasuka asione tena maisha yake yote. Tena mtoto wa namna hiyo akipatwa na surua au kuhara, yu karibu na kifo kuliko mwenzake. Mwalimu wa kijiji akiona mtoto apapasaye njia jua linapotua, asingoje. Awaambie wazazi wampeleke zahanati siku ile ile. Katika Tanzania watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, na haifai mzazi kumficha mtoto siku hiyo.

Vitamini A haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Kwa hiyo mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tupu humpa mtu sehemu ndogo ya mali yake. Watu wa pwani watiao tui la nazi, na watu wa bara watiao karanga zilizotwangwa, wamefanya jambo la hekima. Kijiko kimoja cha mafuta chatosha. Nao ndugu zetu wa Dodoma na Singida, waanikao mboga kwa ajili ya kiangazi, wajue ya kuwa jua kali huharibu kitu hiki. Majani yaanikwe kivulini penye upepo, na kuwekwa mahali pa giza.

Habari ya viazi ni nzuri pia. Kiazi cheupe kwa ndani hakina karibu kitu cha vitamini A, bali kile cha rangi ya chungwa kimejaa. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula ya Dunia walipewa watu wanne kwa kazi ya kuongeza nguvu ya vyakula vya kawaida, na mmoja wao ni Mganda Robert Mwanga, aliyezalisha mbegu za viazi hivyo. Atakaye mbegu aombe marando kwa jirani aliyekwisha kuvipanda.

Tuseme kidogo juu ya damu. Husemwa sana kwamba bitiruti huongeza damu kwa sababu ni nyekundu. Rangi haigeuki damu tumboni. Kinachotakiwa ni madini ya chuma, nayo yamo katika maharage, kunde, dengu na majani, na zaidi katika nyama, maini na dagaa. Lakini chuma cha mboga huingia mwilini kwa shida. Mtu akikamulia ndimu juu ya maharage yakiisha kuepuliwa, au akila pera baada ya chakula, chuma huingia kwa wingi zaidi. Akinywa chai pamoja na chakula, chuma huzuiliwa. Afadhali chai ingoje saa moja au mbili. Katika nyumba nyingi mtoto mdogo hupewa chai na kiporo asubuhi, na desturi hiyo yafaa ibadilishwe.

Hata hivyo damu hupungua pia kwa malaria na kwa minyoo ya safura, na hapo sufuria ya mboga haitoshi. Mama mjamzito aliye mweupe viganjani na kuhema akipanda kilima aende kliniki, akameze vidonge vya chuma anavyopewa. Kumwambia anywe maji ya bitiruti mpaka siku ya kujifungua ni kuyahatarisha maisha yake.

Tumefika kwenye viungo. Hatuvidharau hata kidogo. Tangawizi husaidia kutuliza kichefuchefu, hata cha mimba changa. Karafuu ina mafuta yanayofisha ganzi, na matabibu wa meno huyatumia. Ila maumivu yakinyamaza, tundu la jino halikuzibwa. Kitunguu saumu chaweza kushusha shinikizo la damu kidogo, lakini ni kidogo tu, wala hakitoshi badala ya vidonge. Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, malimau na tangawizi yalichemshwa katika nyumba nyingi. Kinywaji kile kilipasha koo moto na kumfariji mgonjwa. Kuua ugonjwa hakikuua. Vivyo hivyo homa ya mtoto: apimwe malaria kwanza, na tangawizi ifuate baadaye ikiwa inapendwa.

Na wale wanywao dawa kila siku wajue mambo mawili. Mtu akila kitunguu saumu kwa wingi, damu yake yaweza kuchelewa kuganda. Basi amwambie tabibu kabla ya kupasuliwa. Na balungi, ingawa ni tunda jema kwa mtu mzima wa afya, huzuia mwili kuzivunja dawa nyingine za shinikizo la damu na za mafuta katika damu, hata zikazidi kiasi mwilini kana kwamba mtu amemeza vidonge vingi. Anywaye dawa za namna hizo amwulize aliyempa dawa kabla ya kulila.