Sabra ya Fundi: Mafunzo kutoka Injini Iliyogoma

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, neno "subiri" ni miongoni mwa maneno tunayoambiana kila siku hapa chuoni. Aliyefeli somo huambiwa asubiri. Aliyekosa karo huambiwa asubiri. Na hapa Kanyosha, mwenye gari lililolala uani tangu mwaka juzi kwa kuharibika injini naye huambiwa asubiri. Lakini je, asubiri vipi? Akae tu alitazame likiota kutu? Somo letu la leo linaitazama sabra kwa jicho la fundi anayefufua gari kuukuu, kwa sababu gereji huonyesha wazi jambo tunalolisahau msikitini na darasani: sabra isiyo na elimu haifiki mbali.

1. Sabra ni nini?

Asili ya neno sabra katika Kiarabu ni kuzuia. Mwenye kusubiri huizuia nafsi isipapatike, huuzuia ulimi usilalamike, na huvizuia viungo visifanye yasiyofaa. Wanazuoni wameigawa sabra mafungu matatu: kusubiri katika kumtii Allah, kusubiri kwa kujizuia na maasi, na kusubiri juu ya yale aliyoyakadiria. Katika hayo matatu hakuna fungu la kukaa bure.

Wakati wake pia umetajwa. Katika Hadithi iliyopokewa na Anas (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alimpitia mwanamke aliyekuwa akilia kaburini, akamnasihi. Yule mama hakumtambua, akamjibu kwa ukali. Alipoambiwa kuwa yule alikuwa Mtume, alikwenda kumtaka radhi. Mtume (SAW) akamfundisha kwamba sabra yenyewe ni ile ya mshtuko wa kwanza. Baada ya siku tatu kila mtu hutulia, kwa sababu amechoka. Anayejulikana ni yule anayetulia dakika ile ile moshi unapofuka chini ya boneti.

2. Magari makuukuu yaliyofika mwisho

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya kupima injini na watu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita katika matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakafika mwisho saba tu. Mwaka 1968 mambo yakawa yale yale: saba tu. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404, gari la kawaida la familia.

Miongoni mwa saba wa 1968 alikuwamo Joginder Singh wa Kenya. Huyu alikuwa fundi wa gereji kabla ya kuwa dereva. Alishinda Safari mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Na mwaka 2009, katika Safari ya magari ya kale, Ian Duncan alishinda kwa Ford Mustang, gari la Marekani lenye injini kubwa ya silinda nane, la aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Gari la aina hiyo liliundwa kwa barabara laini za lami. Kulifikisha mwisho katika njia za huku ni kazi ya watu waliolifungua, wakalipima na kulifunga upya wakijua kila kipande kinafanya nini.

Sisi hatuna Mustang uani. Tuna Toyota za zamani, zile "TI" za Bujumbura, na hapa na pale Peugeot 504 ya mzee fulani. Kanuni haibadiliki.

3. Kwa nini injini iliyotengenezwa hufa tena?

Tuchukue mkasa unaowavunja moyo wengi. Gari limekarabatiwa, limepakwa rangi, linapendeza. Linapelekwa barabara ya Bugarama. Kutoka ufukwe wa Tanganyika, ulio mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, barabara inapanda hadi zaidi ya mita 2,000. Katikati ya mlima sindano ya joto inapanda, maji yanachemka, gari linazimika. Linavutwa kurudi nyumbani. Gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Inabadilishwa. Baada ya mwezi inaungua tena. Hapo ndipo mwenye gari husema, "Gari hili lina mkosi."

Hakuna mkosi. Injini nyingi za Toyota za miaka ya 1980 na 1990 zina bloku ya chuma na kichwa cha alumini. Zinapopata joto, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Joto likizidi mno, kichwa hupinda. Kupinda kwenyewe huonekana kwa shida, kwani kikomo katika injini nyingi ni kati ya sehemu tano na kumi za mia za milimita. Ukiweka gasketi mpya juu ya kichwa kilichopinda, umeweka kitambaa kipya juu ya kidonda kisichosafishwa. Na hata kichwa kikinyooshwa, swali la kwanza limebaki: ni nini kilichopandisha joto? Huenda rejeta imeziba kwa kutu, pampu ya maji imechakaa, kifuniko cha rejeta hakishiki tena shinikizo, au feni haizunguki ipasavyo. Gasketi iliungua kwa sababu ya ugonjwa mwingine, nao haujaguswa.

Aliyebadilisha gasketi mara tatu alistahamili gharama, alistahamili jua na maneno ya majirani. Alichokosa ni kujua.

4. Nabii Musa (AS) na sharti la kusubiri

Katika Suratul-Kahf, kuanzia aya ya 66, Nabii Musa (AS) anamwomba mja mwema, ambaye Hadithi zinamtaja kuwa ni Khidhr, amfuate ili ajifunze. Yule mja anamtahadharisha kwamba hataweza kusubiri pamoja naye. Kisha anataja sababu, nayo ndiyo kiini cha somo letu: mtu atasubiri vipi juu ya jambo ambalo elimu yake haijalizunguka?

Tazama mpangilio huo. Musa (AS) hakuwa mtu dhaifu. Alisimama mbele ya Firauni. Lakini jahazi lilipotobolewa mbele ya macho yake, hakuvumilia, kwa kuwa hakuijua sababu. Alipoelezwa mwishoni kwamba nyuma yao alikuwako mfalme anayepora kila jahazi zima, jambo lilieleweka. Elimu ndiyo iliyoifungua sabra.

Basi ndugu yangu mwanachuo, ukiona sabra yako inakatika, usijilaumu kwa udhaifu wa imani peke yake. Jiulize pia: je, ninakijua kinachonisumbua?

5. Pima kabla ya kufungua

Mafundi wazuri, na Buyenzi imewalea wengi, hawakimbilii spana. Injini ya silinda nne ikikosa nguvu, hupima kwanza mgandamizo wa kila silinda. Tuseme moja imeshuka na tatu ziko sawa. Fundi hutia oili kidogo katika ile iliyoshuka, kisha hupima tena. Kipimo kikipanda, ringi za pistoni zimechakaa, maana oili imeziba mwanya kwa muda. Kisipopanda, huelekea kwenye valvu. Silinda mbili zilizo jirani zikishuka pamoja, hushuku gasketi iliyoungua kati yao. Vipimo hivi vya nusu saa huweza kuokoa mwezi mzima na faranga nyingi, hasa pale ambapo vipuri ni adimu.

Njia hii si ngeni katika umma wetu. Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alieleza pampu ya silinda mbili iliyogeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Fimbo na mkono wa namna hiyo ndivyo vilivyomo leo ndani ya kila injini ya pistoni, ingawa humo kazi inakwenda kinyume: pistoni huenda na kurudi, shafti huzunguka. Naye alishikilia kwamba ufundi usiojaribiwa hubaki na shaka.

Sasa hamishia chuoni. Mwanafunzi aliyeanguka mtihani wa hesabu mara mbili husema, "Nitasoma zaidi." Hiyo ni gasketi mpya juu ya kichwa kilichopinda. Apime kwanza. Je, tatizo ni msingi wa sekondari? Ni lugha, kwa kuwa anafundishwa kwa Kifaransa naye anafikiri kwa Kirundi na Kiswahili? Ni usingizi na njaa? Au ni simu? Kila moja ina dawa yake, na saa kumi za kusoma hazitibu njaa.

6. Kazi ya mkono ni amana

Allah (SW) anatueleza katika Surat Saba, aya ya 10 na 11, kwamba alimlainishia Nabii Dawud (AS) chuma, akamwamrisha atengeneze nguo za vita na apime sawasawa uungaji wa vikuku vyake. Nabii anaamrishwa kupima! Boliti za kichwa cha injini nazo zina utaratibu wake: hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa kipimo cha kiwanda. Anayekaza kwa nguvu za bega na kukisia, amedharau jambo lenye mfano katika kazi ya Mitume.

Mtihani mkubwa zaidi huja mtu anapochoka. Gari linachemka, fedha zimekwisha, na anatokea mnunuzi asiyejua. Ni rahisi kumwaga dawa ya kuziba matundu ndani ya rejeta, kuliosha gari na kuliuza likiwa bado baridi. Imepokewa na Abu Hurayra (RA) katika Sahih Muslim kwamba Mtume (SAW) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani yake, naye akamkemea muuzaji kwa kuuficha, akieleza kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Kuuza gari bovu kunajuzu ukilitaja bovu. Kusubiri kutofanya haramu, lile fungu la pili la sabra, hujaribiwa hapa kuliko juani.

7. Je, sabra ni kutokuacha kamwe?

La. Kijana anayechukua karo yake, au anayekopa kwa riba ili afufue gari la kujionyesha, hasubiri, anafuata matamanio. Bloku ikipasuka na bei ya kuirekebisha ikapita thamani ya gari, kuliacha ni busara. Pima, washauri wajuzi, swali istikhara, kisha amua.

Ukishaamua, usirudi nyuma kwa majuto. Katika Hadithi nyingine ya Abu Hurayra (RA), iliyomo katika Muslim, Mtume (SAW) alituelekeza tupupie yenye manufaa, tumtake msaada Allah na tusilegee. Likitupata jambo, tusiseme "lau ningefanya kadha", kwa sababu neno hilo humfungulia shetani mlango. Tuseme Allah amekadiria. Angalia mpangilio wake: bidii kwanza, kuridhika baadaye. Wapo wanaougeuza: huridhika kabla ya kujaribu, wakaita uvivu wao kadari.

Muhtasari

- Sabra huanza kwenye mshtuko wa kwanza.
- Sabra huhitaji elimu: tafuta chanzo, usitibu dalili.
- Pima kabla ya kufungua, na uliza wenye kujua.
- Uchovu si ruhusa ya kughushi.
- Kuacha kwa hesabu si kukata tamaa. Kuendelea kwa ukaidi si sabra.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Taja jambo moja ulilolirudia mara nyingi bila kufanikiwa. Je, umewahi kupima chanzo chake?
2. Soma Suratul-Kahf, aya ya 66 hadi 82. Elimu ya sababu ilibadilisha vipi mtazamo wa Musa (AS) katika kila tukio?
3. Rafiki yako anauza pikipiki yenye kasoro naye anakuomba unyamaze. Utamwambia nini?
4. Kuna tofauti gani kati ya kutawakali na kujiachia?

Tunamwomba Allah (SW) atupe elimu yenye manufaa, sabra njema na riziki ya halali, na azibariki kazi za mikono yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.