Je, Mwalimu wa Dini Apokee Ujira?

Ndugu msomaji, pengine umejiuliza: je, yafaa mwalimu wa Kurani kupokea ujira? Ubada bin Samit r.a. aliwafundisha maskini wa Suffa. Mmoja wao akampa upinde. Mtume s.a.w. akamwonya kuwa akiupokea utakuwa kongwa la moto (Abu Daud). Lakini Masahaba waliomsomea Alfatiha mtu aliyeumwa na mdudu wa sumu, wakapewa kondoo, Mtume s.a.w. aliwaruhusu (Bukhari). Je, Hadithi hizi zapingana? Hasha! Baadhi ya wanavyuoni wameeleza kwamba Ubada alikwisha kujitolea kwa ajili ya Mungu. Basi mwalimu na apewe riziki, kwani naye ana watoto. Lakini asiye na ada asifukuzwe chuoni. Amfukuzaye maskini ameiuza dini.