Mwasmini Juu ya Jiwe: Niliyojifunza Kiembeni

1. Mtaimbo kwanza, jembe baadaye. Sehemu kubwa ya pwani hii imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Ndio uliosagwa kuwa saruji hapo Bamburi. Chimba futi mbili, uvunje jiwe la chini maji yapate njia, halafu ujaze udongo mwekundu na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Anayedhani jiwe halizai mmea na aende Haller Park. Palikuwa shimo la machimbo ya saruji hiyo, jeupe kabisa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Mivinje ikashika, majani yake yakaliwa na majongoo, na kinyesi chao kikawa udongo. Tangu nilijue hilo sichomi tena majani ya uani. Yote huenda shinani mwa mwasmini.

2. Jani likigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, usikimbilie dawa ya wadudu. Chokaa ya mwamba huufungia mmea madini ya chuma. Mboji husaidia, ila taratibu.

3. Yaonje maji kabla hujamwagilia. Visima vingi vya huku ni vya chumvi, na chumvi huanza kuunguza kingo za majani. Masika ikifika, kinga maji ya paa kwenye pipa.

4. Kata bila huruma. Maua hutoka kwenye vichipukizi vipya, kwa hiyo yakishapungua mimi hupunguza matawi kama theluthi. Jirani alinikuta na mkasi akashtuka: “Mama, mbona wauua?” Nikampa vijiti vya shibiri moja akapande kivulini kwenye mchanga wenye unyevu. Mwasmini wetu huu ni nadra kuzaa mbegu. Hupita mkono kwa mkono, nyumba hadi nyumba, na naamini ndivyo unavyopaswa kupita.

5. Chuma alasiri. Tafuta matumba yaliyovimba, meupe pe, ambayo bado yamefumba. Yakitungwa na rehani kuwa kikuba, hufunguka usiku yakiwa kifuani au kwenye nywele, na harufu hutoka yanapofunguka. Ua la asubuhi limekwisha kutoa karibu yote. Usiyaoshe, yakilowa huwahi kugeuka rangi. Yafunike kwa kitambaa chenye unyevu, na sindano ipite kwenye kikonyo, isiguse petali.